Nani Kabandua Nailoni ya Kiti cha Abiria?

Wivu wangu ulianzia kwenye kiti. Nimeinama mlangoni mwa gari, kitambaa mkononi, nataka kupangusa vumbi juu ya nailoni ya kiti cha abiria kama siku zote, mkono ukagusa ngozi. Ngozi tupu! Nikaurudisha mkono kama nimegusa pasi ya moto.

Ngoja nieleze, maana mtu asiyejua kazi ya yadi yetu ataniona mwehu.

Sisi hatuuzi magari ya kupeleka watoto shule. Tunauza magari ya mbio, viti viwili basi, mashine ikiwashwa vioo vya ofisi vinatetemeka. Gari la kawaida likitoka tu getini, bei inaanza kuporomoka. Haya yetu, kama kiwanda kimetengeneza machache na kimefunga oda, bei inapanda. Mtu ananunua, anafungia ndani, haendeshi, kisha anakuja kuuza kwa pesa nyingi kuliko alizotoa. Ila sharti lisiguswe. Kilomita ziwe za kuhesabika, rangi isiwe hata na mkwaruzo wa kucha, na viti vibaki na nailoni ileile ya kiwandani. Nailoni ikitoka, mnunuzi anasema limeshakaliwa, na hapo hapo bei inakaa chini.

Mwenye gari hili ndiye bingwa wa mchezo huo. Mtu mzima, mvi za pembeni tu kama zimechorwa, shati halijui mkunjo. Hapa yadini tunamwita Nailoni, si mbele yake lakini. Tangu nimeanza kazi ya kuosha na kupiga polishi hapa sijamwona akibandua nailoni ya kiti chochote. Anaendesha amekalia juu yake, mgongo unaloa jasho, akishuka analia chwa-chwa-chwa kama mfuko wa duka.

Sasa leo, nailoni ya dereva ipo. Ya abiria haipo.

Nikainama nikanusa. Usinicheke. Ukipenda unakuwa mbwa wa polisi. Pale pa kuegemeza kichwa palikuwa na alama ndogo ya mafuta ya nywele, na harufu yake ningeijua hata usingizini. Mafuta yenye karafuu, hayauzwi dukani, mtu anachemshiwa nyumbani na mama yake. Yadi nzima anayenukia hivyo ni mmoja.

Bi Bei.

Jina hilo tulimpa kwa kuwa ndiye anayepanga bei. Analizunguka gari taratibu, mikono nyuma, halafu anataja, na bosi mwenyewe habishi. Wateja wenye hela zao wanakuja wamevimba, anawasikiliza kwa adabu, wanaondoka wamelipa na cha juu, na shukrani wametoa. Mimi nimemaliza shule mwaka wa pili sasa, sijui nangoja nini, sikai mahali pamoja, lakini akipita yule dada na faili lake mimi nasimama. Natulia tuli. Alikuwa ananipenda pia. Aliniambia mwenyewe, nyuma ya stoo, huku ananipangusa povu sikioni.

Mama yake hajawahi kuniona lakini ameshanikataa. Aliposikia kazi yangu alisema hakumsomesha binti yake ili aolewe na ndoo ya maji.

Basi nimesimama na kitambaa changu, roho inanichemka, naye huyo anakuja.

"Sponji, umemaliza? Daktari yuko njiani."

Daktari ni mnunuzi. Daktari wa meno, ana kliniki mbili, na gari hili ameliota muda mrefu.

"Kiti hiki kimekaliwa," nikasema.

Alisogea. Aliangalia kiti, halafu akainamisha kichwa kidogo, nikaona pua yake inafanya kazi ileile pua yangu iliyofanya. Akafumba macho. Alipofumbua hakuniangalia.

"Futa hayo mafuta. Halafu kachukue nailoni mpya stoo, uifunge vizuri, isijulikane."

"Umejuaje kama ni mafuta?"

"Si nayaona?"

"Mimi nimeyaona kwa kuyatafuta. Wewe umeyaona umesimama."

"Sponji, usinianze asubuhi yote hii."

"Nani alikaa hapa?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu mwenye makalio! Kwani wewe unakalia nini?" Akageuka. Kisha akarudi nusu hatua, sauti imepungua. "Naomba tu gari hili liondoke leo. Unisaidie liondoke. Mengine tutaongea."

Mengine! Mtu akikuambia mengine tutaongea, ujue hayo mengine ndiyo yenyewe. Nilifuta yale mafuta nikiwa najifuta mwenyewe. Nikafunga nailoni mpya, nikaivuta pembe zote mpaka ikanyooka kama shuka la hotelini, na kila nikivuta namwona amekaa pale, kichwa nyuma, dirisha wazi, anacheka. Nikamwona na yeye Nailoni, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili sitaki hata kusema ulikuwa wapi. Mtu ambaye hajawahi kubandulia mtu yeyote nailoni! Kambandulia yeye. Sasa mimi nina nini cha kubandua? Ndoo?

Nailoni alifika kabla ya daktari. Alishuka kwenye gari lake la kawaida, akaja moja kwa moja kwa Bi Bei, amenyoa, ananukia.

"Shikamoo," Bi Bei akasema.

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo."

Mwanangu! Hawa wazee wa siku hizi ndivyo wanavyoanza. Anakuita mwanangu mpaka siku unashangaa umevaa pete. Na mama anamuuliziaje, kama si tayari ameshapitia kwa mama mkwe? Mimi wa ndoo nimekataliwa bila kuonwa, yeye anaulizia hali kama mtu wa nyumbani.

Nikajifanya napiga polishi rimu ya gurudumu la nyuma. Ile rimu ilikuwa safi. Niliipiga hivyo hivyo.

"Umeshaamua?" Nailoni akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Bado."

"Mimi sikuharakishi. Lakini unajua jibu lako ndilo linalongojwa. Bila wewe kusema ndiyo, hakuna kitu."

"Najua."

"Na mtu wa umri wangu hana muda wa kuzunguka-zunguka, mwanangu."

Bi Bei aliangalia chini. Vidole vyake vilikuwa vinakunja ncha ya faili, vinakunjua, vinakunja. Kwa hiyo ameposwa. Ameposwa, anafikiria, na mimi ndiyo yale mengine tutakayoongea. Kichwa kilipata joto hata jua likawa kama limesogea.

Daktari akaingia getini. Mtu mfupi, mchangamfu, alifungua boneti akachungulia ndani kama anamwambia mgonjwa aseme aaa. Akagonga hapa, akagusa pale. Akafungua mlango, akatazama viti.

"Mrembo kweli. Lakini dada, hii bei mbona imesimama hivi?"

"Daktari, kiwanda kimefunga oda," Bi Bei akaanza, na sauti yake ya kazi ikarudi, laini, haina haraka. "Yaliyotoka ni machache, na mengi yameshaendeshwa. Hili halijafika hata mbali. Ukilinunua leo ukalitunza, siku ukichoka nalo hutarudi nyuma. Hapa huli hasara, unaweka akiba yenye magurudumu."

"Na halijakaliwa?"

Bi Bei akanyoosha kidole. "Nailoni hiyo hapo, unaiona."

Yadini kwetu kuna mambo mengi ya kusamehewa. Ukimwaga polishi utasamehewa. Ukichelewa utafokewa, itaisha. Jambo moja tu halisemwi mbele ya mteja, bei ya kiwandani. Mteja asijue gari lilitoka kiwandani kwa kiasi gani, yadi iliweka cha juu gani, aliyelinunua akaongeza nini. Akijua, biashara imekufa.

Usinisifu kwa nilichofanya. Sikusema ukweli kwa kuupenda. Nilisema kwa sababu Nailoni alikuwa amesimama karibu naye mno, begani kabisa.

"Nailoni hiyo nimefunga mimi leo asubuhi," nikasema.

Wote wakageuka.

"Kilikaliwa, daktari. Nimefuta mafuta ya nywele kwa mkono wangu. Na ukimaliza hapo, waulize bei ya kiwandani. Kuna cha juu cha yadi, na juu ya hicho kuna cha juu cha mzee huyu. Wewe unalipa ghorofa mbili na nyumba hujaiona."

Basi, nikawa nimemwaga mtama wote.

Daktari alicheka mpaka akashika tumbo. "Huyu kijana mwajiri wake nani? Nampenda. Haya dada, tusemezane sasa. Ondoa ghorofa moja, mimi nalichukua."

Bi Bei alikuwa ananiangalia mimi. Nimeshawahi kugombezwa na walimu, na baba, na polisi mmoja, sijawahi kuangaliwa vile. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyekuachia mlango wake wazi, akarudi akakuta umeuza samani.

Nikamgeukia Nailoni, nikingoja anivae. Hakunivaa. Alizunguka upande wa abiria polepole, akafungua mlango, akaishika nailoni yangu mpya kwa pembe, akaivuta. Ikachanika ndefu, kraaa, mpaka sakafuni.

"Kijana amesema kweli," akasema. "Ya kwanza niliibandua mwenyewe. Daktari, samahani kwa kukupotezea muda. Siuzi."

"Hata nikipandisha?"

"Siuzi kwa bei yoyote."

Daktari akadhani ni mbinu ya biashara, akataja pesa, akaongeza, akaongeza tena. Nailoni anatikisa kichwa tu kwa upole. Mwishowe daktari akafunga boneti, akasema watu wa magari wote wagonjwa, akaondoka zake.

Nilimfuata Bi Bei mpaka kwenye banda la kuoshea. Mpira wa maji nilikuwa nimeuacha wazi, maji yanatiririka sakafuni, hakuna anayeyajali.

"Una raha sasa?" akaniuliza.

"Niambie tu. Nimesikia yote. Unaolewa naye?"

"Nani?"

"Wewe."

Alinitazama, akacheka. Kicheko kikavu. "Mimi."

"Jibu lako linangojwa, nimesikia kwa masikio yangu. Mama hajambo, mwanangu, umeshaamua. Na mafuta yako kwenye kiti chake!"

"Mafuta yale anayachemsha nani, Sponji?"

"Mama yako."

"Haya. Endelea."

Maji yalikuwa yananiingia kiatuni.

"Mama?" nikasema.

"Mama. Naye ana kichwa, naye ana nywele. Anapaka kutoka chupa moja na mimi." Alikaa juu ya ndoo yangu, ile ndoo ya kukataliwa. "Mimi nilijua yule mzee anaongea naye. Amekuwa akija kuniulizia habari za gari huku anamtafuta yeye. Lakini kwamba mama amepanda gari lake, hiyo nimeijua leo. Nimeinusia pale pale ulipoinusia wewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba mama yangu ana bwana? Tangu baba afariki tumelala chumba kimoja, Sponji. Akikohoa mimi naamka. Nikiwa na siri, yeye anaijua kabla yangu. Sasa ananificha simu, anaiweka chini ya mto! Mimi ndiye niliyekuwa namficha yangu kwa ajili yako, leo na yeye ananificha. Anaimba jikoni. Mama yangu hajawahi kuimba jikoni. Nasikia vibaya, unaelewa? Nasimama mlangoni nasikia mama yangu anafurahi, na mimi nasikia vibaya."

Niliuelewa vizuri sana. Ulikuwa wivu uleule wangu, umekaa tu kwenye uso mwingine.

"Na lile gari lina viti viwili," akasema. "Mimi nakaa wapi?"

Nilitaka kumshika bega, nikaona mkono wangu umejaa polishi, nikauacha.

"Mama amemwambia hatamjibu mpaka mimi niseme ndiyo," akaendelea. "Na mimi sikutaka kusema hapana tu, ataniona mtoto mbaya. Nilitaka ajionee. Yule mzee kila anachoshika anauza, wewe si unamjua? Akishauza anapotea, hatumwoni mpaka anunue jingine. Basi nikampigia daktari mwenyewe, nikapanga bei ya kumvuta aje leo leo. Liuzwe, halafu niende nyumbani nimwambie, unaona mama? Hata gari ulilopanda wewe ameliuza. Asubuhi nilipokinusa kile kiti ndipo nikayapanga maneno." Akafuta pua kwa kiganja. "Sasa amekataa kuuza. Mbele yangu. Kwa bei yoyote, amesema. Nitamwambia nini mama? Na kilichomfikisha hapo ni mdomo wako."

"Nisamehe."

"Ya mama nitakusamehe. Hata ya bosi, nikifokewa nitafokewa. Lakini wewe uliniona mimi, ukamwona yule mzee, ukaona hela zake, ukajumlisha. Kichwani mwako nilishanunuliwa, bado kutia sahihi."

"Niliona wivu."

"Mimi pia nimeona wivu. Nimemtukana mama yangu mbele ya watu?"

Hapo geti likalia. Tulichungulia wote wawili.

Alikuwa mwanamke mrefu, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa mkono wa mtu aliyekifunga, akakifungua, akakifunga tena. Mwendo wake niliujua kabla sijajua yeye ni nani, kwa kuwa ndio mwendo unaonisimamisha kila siku. Nailoni alikuwa ameshampigia simu. Alimwendea, akasimama mbali kidogo naye kwa heshima, hakumgusa, wakaongea. Yule mama akaangalia gari. Halafu akaangalia huku bandani.

Bi Bei alisimama. Nilimwona anakunja ngumi, anakunjua. Akatoka juani, na mimi nyuma yake na viatu vyangu vya maji.

"Mwanangu," mama akasema, "nimeambiwa gari haliuzwi tena."

"Ndiyo mama. Haliuzwi."

"Alipata mtu?"

"Alipata. Amepandishiwa bei mara kadhaa. Mimi mwenyewe nilikuwepo."

Mama hakuuliza tena. Alisimama tu mbele ya binti yake, mikono imeshikana mbele, kama msichana aliyeitwa ofisini kwa mwalimu. Nailoni akajitia kuangalia tairi. Nilijua kinachongojwa, na nilijua Bi Bei angeweza kukiua kwa neno moja tu. Uso wake ulikuwa mgumu. Aliangalia kile kitambaa cha kichwa muda mrefu. Akanyoosha mkono, akakirekebisha upande wa kushoto, kilikuwa kimelala.

"Nenda, mama," akasema. "Ila urudi kabla ya giza."

Mama alimshika shavu. Kisha akaniona mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na huyu?"

"Huyu ndiye aliyeharibu biashara," Bi Bei akasema.

"Ndiye wa ndoo?"

"Ndiye."

Mama aliniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vinavyovuja. "Mh," akasema. Akaenda kufunguliwa mlango.

Gari lilinguruma, vioo vya ofisi vikatetemeka, likatoka polepole kuliko gari lolote la aina ile nililowahi kuliona likitoka. Bi Bei alibaki anatazama geti hata baada ya vumbi kutulia. Halafu akaingia ofisini, akatoka na begi lake, akanipita.

Nilimfuata barabarani.

"Usinifuate."

"Napita tu njia hii."

"Kwenu si huku."

"Najua."

Tulitembea. Mbele kidogo akasema bila kugeuka, "Ulichoniwazia leo hakijaisha, Sponji. Usidhani kimeisha."

"Najua hakijaisha."

"Na usinishike mkono."

"Sijakushika."

"Nakuambia mapema."

Tukafika pa kuvukia. Magari yalikuwa mengi, tukasimama sambamba kungoja. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, na kabla hatujavuka akalitoa begi kwenye bega la upande wangu, akalihamishia upande wa pili, mkono wa huku kwangu ukabaki mtupu.